Je, kampuni inaweza kupunguza watu kwa mafungu ili ikwepe notisi ya siku 60?

Zamu ya Usiku (Indiana) ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba mawazo ya wale wenye uzoefu wa sheria za kazi za hapa Marekani, hususan sheria ya notisi ya siku 60 inayoitwa WARN, kwa sababu kiwandani kwetu kila mtu ana tafsiri yake na ofisi ya rasilimali watu nayo ina ya kwake.

Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya plastiki vya magari jimboni Indiana. Walioajiriwa moja kwa moja na kampuni walikuwa 130, wote wa muda kamili, na hatuna chama cha wafanyakazi. Pamoja nasi walikuwapo watu kama sitini walioletwa na wakala wa ajira, ambao walifanya kazi zile zile, mashine zile zile, ila mshahara wao ulitoka kwa wakala. Mapema Machi kampuni iliwaachisha watu 30 wa sehemu ya rangi. Katikati ya Aprili ikawaachisha wengine 28 wa sehemu ya ufungaji, nami nikiwa miongoni mwao. Hakuna fungu lililopewa taarifa ya mapema. Tuliambiwa zamu ilipokwisha, tukarudisha vitambulisho, tukaondoka. Afisa aliyetuita alieleza kwamba sheria inaanza kufanya kazi watu wakifika 50, na kwamba kampuni haijafikisha idadi hiyo kwa mara moja.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba kampuni hiyo hiyo ina kiwanda kingine New Jersey, ambako wenzetu wamepewa notisi ya siku 90 na kuahidiwa mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka waliotumikia. Mwajiri ni mmoja na sababu iliyotajwa ni moja, yaani kupungua kwa oda kutoka kwa mteja mkubwa, lakini sisi tumeambulia karatasi ya kutia saini: tukikubali kuachilia madai yote dhidi ya kampuni tutalipwa wiki mbili, na tumepewa siku saba za kuamua.

Je, maelezo ya afisa yule ni sahihi? Na je, nitie saini?

---

Mwakilishi Mstaafu amejibu:

Ndugu Zamu ya Usiku, pole kwa yaliyokufika. Nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwa muda mrefu, si wakili, kwa hiyo yachukue maneno yangu kama ya mtu aliyekaa upande wa wafanyakazi katika vikao vya namna hiyo, kisha uyapeleke kwa mwanasheria ayapime.

Sheria ya WARN ilipitishwa mwaka 1988 na kuanza kutumika Februari 1989. Inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi, bila kuwahesabu wale ambao wamefanya kazi chini ya miezi sita katika mwaka uliotangulia au wanaofanya kwa wastani chini ya saa 20 kwa wiki. Mwajiri wa aina hiyo anatakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku 60 za kalenda kabla ya kufunga kiwanda au kupunguza watu kwa wingi. Kufunga kiwanda, kwa maana ya sheria hiyo, ni pamoja na kufunga kitengo kimoja tu ndani ya kiwanda, ilimradi watu 50 au zaidi wapoteze kazi katika kipindi cha siku 30. Kupunguza watu kwa wingi ni pale wanapoondolewa watu 500 au zaidi mahali pamoja, au kuanzia 50 hadi 499 ikiwa idadi hiyo ni angalau theluthi moja ya wafanyakazi wa mahali hapo.

Hadi hapo afisa wenu yuko sawa, kwa kuwa 30 si 50, na 28 si 50. Lakini amesoma ukurasa mmoja akafunga kitabu. Bunge lilitambua mapema kwamba mwajiri mwerevu angeweza kuondoa watu 49 leo na 49 mwezi ujao, akaendelea hivyo hadi kiwanda kibaki mahame, bila kutoa notisi hata moja. Ndiyo maana sheria ina kifungu kinachoelekeza kwamba mafungu madogo yanayotokea mahali pamoja ndani ya siku 90, kila moja likiwa chini ya kiwango, yajumlishwe na kuhesabiwa kama tukio moja, isipokuwa mwajiri athibitishe kwamba kila fungu lilitokana na sababu yake ya pekee na kwamba hakuwa anakwepa sheria. Mzigo wa kuthibitisha hayo unabebwa na mwajiri, hauko kwa mfanyakazi.

Sasa hesabu mwenyewe. Kati ya mapema Machi na katikati ya Aprili hazijapita siku 90. Watu 30 na watu 28 ni 58, na 58 kati ya 130 ni zaidi ya asilimia 44, ambayo inapita theluthi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba sababu iliyotajwa kwa watu wote ni kupungua kwa oda za mteja mmoja. Ikiwa barua za Machi na za Aprili zinataja sababu hiyo hiyo, itakuwa kazi ngumu kwa kampuni kuiambia mahakama kwamba haya ni matukio mawili yasiyohusiana. Tunza barua hizo kama unavyotunza hati ya kusafiria.

Jambo moja la kuangalia katika hesabu: waliojiuzulu kwa hiari, waliostaafu na waliofukuzwa kwa makosa yao hawaingii katika hiyo 58. Kwa hiyo kabla hamjaenda kokote, orodhesheni watu wenyewe, jina kwa jina, pamoja na tarehe na barua ya kila mmoja. Nimewahi kuona dai zuri likianguka kwa sababu watu kadhaa waliodhaniwa wamepunguzwa walikuwa wameandika barua za kuacha kazi walipoona mambo yanakwenda mrama. Vilevile msiwaache wale walioajiriwa juzi juzi: mtu mwenye miezi minne kazini hahesabiwi katika kupima kama kiwango kimefikiwa, lakini kiwango kikishafikiwa naye anastahili notisi kama wengine.

Kuhusu fidia, mwajiri aliyekosa kutoa notisi anadaiwa mshahara na mafao kwa kila siku ya ukiukaji, mwisho siku 60, na mahakama nyingi huhesabu siku ambazo mtu angefanya kazi, si kila siku ya kalenda. Ipo pia faini ya hadi dola 500 kwa siku kwa kutoiarifu serikali ya mtaa. Hata hivyo Wizara ya Kazi ya Marekani haina mamlaka ya kuisimamia sheria hii. Inaeleza, inachapisha miongozo, basi. Anayetaka haki yake hufungua kesi katika mahakama ya shirikisho, kwa kawaida kesi ya pamoja, na mawakili wengi wa kesi hizi hulipwa kutokana na kile kitakachopatikana.

---

Bi Mkubwa wa Trenton amejibu:

Mzee Mwakilishi ameeleza vizuri upande wa serikali ya shirikisho. Mimi niko New Jersey, kwa hiyo nitajibu lile swali la kwa nini wenzenu wamepata zaidi.

Sheria ya shirikisho ni kiwango cha chini, na kila jimbo lina hiari ya kuongeza juu yake. Majimbo mengi, Indiana likiwamo, hayakuongeza. California ilishusha kiwango hadi mwajiri mwenye watu 75, wakiwamo wasio wa muda kamili, na kwake kuondoa watu 50 kunatosha bila kuuliza ni asilimia ngapi. New York inataka notisi ya siku 90 kwa mwajiri mwenye watu 50 wa muda kamili, na kufunga kituo kunakowagusa watu 25 tu kunahesabika. Illinois inaanzia watu 75. Maine ilikwenda njia nyingine kabisa, ikamtaka mwajiri mkubwa anayefunga kiwanda alipe wiki moja ya mshahara kwa kila mwaka wa utumishi. Kiwanda kimoja cha kusindika kuku kilipinga sheria hiyo hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1987 mahakama ikaamua kwamba jimbo lina haki ya kuweka sharti kama hilo.

Hapa kwetu chanzo kilikuwa kufungwa kwa maduka ya vitu vya kuchezea watoto ya Toys "R" Us mwaka 2018. Kampuni ile ilikuwa na makao yake makuu mjini Wayne, na ilipofilisika zaidi ya watu 30,000 kote nchini walipoteza kazi, wengine wakiwa wametumikia miaka ishirini na zaidi, wakaambiwa hakuna malipo ya kuachishwa. Wafanyakazi wale, wengi wao wanawake wa kaunta na wa bohari, hawakunyamaza; walisafiri, wakaandamana, wakazungumza mbele ya wabunge wa jimbo. Mabadiliko ya sheria yakatiwa saini Januari 2020, ingawa kwa sababu ya janga la korona utekelezaji wake ulicheleweshwa hadi tarehe 10 Aprili 2023. Tangu hapo, mwajiri mwenye watu 100 anayeondoa 50 au zaidi hapa jimboni hutoa notisi ya siku 90 na hulipa wiki moja kwa kila mwaka, na asipotoa notisi kwa wakati huongeza wiki nne kwa kila mtu. Zaidi ya hayo, mfanyakazi hawezi kuombwa aachilie malipo hayo kwa saini tu. Saini ya namna hiyo haina nguvu mpaka iidhinishwe na kamishna wa kazi wa jimbo au na mahakama.

Kwa hiyo, kaka, kampuni yenu haikuwapenda watu wa New Jersey kuliko ninyi. Imewapa kile ambacho sheria ya jimbo lao inailazimisha, wala haikuzidisha senti.

---

Dereva wa Masafa amejibu:

Sipendi kuwa mtu wa kuvunja moyo, lakini nadhani mnaipa sheria hii sifa isiyostahili. Haimkatazi mtu kufunga kiwanda. Haimwulizi kwa nini anakifunga, wala haimtaki athibitishe kwamba hana njia nyingine. Inachotaka ni taarifa, na hata hiyo taarifa ina milango mitatu ya kutokea: kampuni iliyokuwa inahangaika kutafuta mtaji na ikahofia kwamba notisi ingeufukuza, mabadiliko ya biashara ambayo hayangeweza kutabiriwa, na maafa ya asili.

Ikumbukwe ilivyozaliwa. Septemba 1977 kampuni ya chuma ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha Campbell huko Ohio, na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi; mpaka leo wenyeji wanaiita siku hiyo Jumatatu Nyeusi. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla Bunge halijapitisha sharti la siku 60. Rais Reagan aliukataa muswada mzima wa biashara mwezi Mei 1988, mojawapo ya sababu kubwa ikiwa ni sharti hilo, na lilipopitishwa upya peke yake aliliacha liwe sheria bila kutia saini yake, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi na watu wengi walikuwa wanaliunga mkono.

Na baada ya hapo? Novemba 2022, siku chache kabla ya sikukuu ya Shukrani, kampuni ya samani ya United Furniture Industries iliwaambia wafanyakazi wake wapatao 2,700, wengi wao wakiwa Mississippi, kwa ujumbe wa simu na barua pepe za usiku kwamba wasije kazini. Baadhi walikuwa wamelala. Katika kazi yangu ya malori, kampuni ya Yellow ilisimama mwishoni mwa Julai 2023, na kazi karibu 30,000 zikapotea. Wiki moja baadaye ikaomba ulinzi wa ufilisi. Madereva wa Jevic, kampuni ya malori ya New Jersey iliyofungwa Mei 2008, walishinda dai lao la WARN, kisha wakashuhudia mpango wa ufilisi ambao uliwalipa wadai wengine na kuwaruka wao. Walikwenda hadi Mahakama ya Juu, na Machi 2017 mahakama ikasema kwamba kuwaruka namna ile bila ridhaa yao hakukubaliki. Miaka tisa, wenzangu, na hapo walikuwa wameshinda.

Ushauri wangu kwa ndugu yetu ni kwamba atafute kazi kwanza, kesi baadaye.

---

Mwakilishi Mstaafu amejibu:

Dereva, historia yako siipingi, ila hitimisho lako lina kasoro. Kutafuta kazi na kudai haki ni mambo mawili yanayoweza kwenda pamoja, na dai la WARN halifutiki kwa sababu mtu amepata kazi nyingine wiki iliyofuata. Wala kampuni ya ndugu yetu haijafilisika. Inaendelea kuzalisha, ina mali, na ina kiwanda kingine. Dai dhidi ya kampuni hai ni tofauti sana na dai dhidi ya marehemu.

Hata katika ufilisi si kila kitu hupotea. Mishahara iliyopatikana katika siku 180 za mwisho ina kipaumbele mbele ya wadai wa kawaida, hadi kiwango ambacho tangu Aprili 2025 ni dola 17,150 kwa mtu. Mwenye dai anapaswa kuliwasilisha kabla ya tarehe ya mwisho inayowekwa na mahakama. Wapo wanaokosa fedha zao kwa sababu tu bahasha ya mahakama ilionekana kama matangazo ya biashara, ikatupwa.

Ndugu Zamu ya Usiku, kabla sijagusa suala la saini, una umri gani? Na barua yako inataja sababu kwa maneno gani?

---

Zamu ya Usiku amejibu:

Asanteni sana. Nina miaka 46. Barua yangu inasema nafasi yangu imeondolewa "kutokana na kupungua kwa oda", na nimemwomba mwenzangu wa sehemu ya rangi anitumie picha ya yake ya Machi: maneno ni yale yale, hata koma hazikubadilishwa. Katika sisi 28, naona zaidi ya nusu tuna miaka 40 au zaidi. Wale wa wakala nao waliondolewa siku hiyo hiyo, kama ishirini hivi, ila wao hawakupewa karatasi yoyote. Je, nao wanaingia katika hesabu?

---

Mwakilishi Mstaafu amejibu:

Kama maneno ni yale yale, kampuni imekuandikia nusu ya hoja yako.

Kuhusu saini, ipo sheria nyingine ya mwaka 1990 inayowalinda wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Mwajiri anapowaomba waachilie madai ya ubaguzi wa umri katika mpango wa kuachisha kundi la watu, anatakiwa kuwapa angalau siku 45 za kutafakari, na siku 7 baada ya kutia saini ambazo ndani yake mtu anaweza kubadilisha nia. Anatakiwa pia kuwashauri kwa maandishi wamwone wakili, na kuwapa orodha ya vyeo na umri wa waliochaguliwa kuondoka pamoja na wale wa kitengo hicho hicho ambao hawakuchaguliwa. Ninyi mmepewa siku saba bila orodha. Kwa mtu wa miaka 46, karatasi hiyo haiwezi kuzuia dai la umri hata ukiitia saini.

Hapa usichanganye mambo. Ulinzi huo ni wa dai la umri peke yake. Dai la WARN linaweza kuachiliwa kwa saini ya kawaida ikiwa mtu amepewa malipo ambayo hakuwa anadaiwa tayari, na wiki mbili za ziada ni malipo ya aina hiyo. Ndiyo sababu wamezitoa. Unabadilishana mshahara wa wiki mbili na dai ambalo likifaulu lina thamani ya mshahara wa hadi siku 60 pamoja na mafao. Usitie saini kabla wakili hajaisoma. Andika kwa barua pepe ukiomba muda zaidi, ukitaja umri wako, na utaona jinsi watakavyojibu. Mara nyingi siku saba hugeuka kuwa wiki kadhaa kimyakimya, bila maelezo.

Wa wakala ni suala gumu, na nasikitika kwamba ndilo linalowagusa ndugu zetu wengi wageni katika nchi hii. Kisheria mwajiri wao ni wakala, na wakala atasema kwamba hajamwachisha mtu, amemaliza tu mgawo wake katika kiwanda kimoja na anamtafutia kingine. Kwa hiyo msiwajumlishe katika 58 bila ushauri wa wakili. Zipo hoja za kusema kwamba kiwanda na wakala ni waajiri wa pamoja, hasa pale ambapo wasimamizi wa kiwanda ndio waliopanga zamu na kuadhibu, lakini hizo ni hoja za kupigania, hazijijibu zenyewe. Wanachopaswa kufanya sasa ni kuripoti kwa wakala kwa maandishi kwamba wako tayari kwa kazi, kwa kuwa katika majimbo kadhaa asiyeripoti huhesabiwa kuwa ameacha mwenyewe na hunyimwa mafao ya kukosa kazi.

---

Msoma Orodha amejibu:

Nimefuatilia mjadala huu kwa sababu nina mazoea ya kusoma orodha za notisi za WARN ambazo majimbo huzichapisha, na nataka kuongeza jambo kuhusu kile ambacho orodha hizo zinaonyesha na kile ambacho hazionyeshi.

Notisi hupelekwa sehemu tatu: kwa wafanyakazi au chama chao, kwa kiongozi wa serikali ya mtaa, na kwa idara ya jimbo inayoshughulikia waliopoteza kazi. Indiana huchapisha zinazoifikia katika tovuti ya idara yake ya maendeleo ya nguvukazi. Kila jimbo lina mpangilio wake. Wengine huweka jedwali safi, wengine hubandika picha za barua zenyewe. Serikali ya shirikisho haikusanyi orodha moja kamili ya nchi nzima, na ule mpango wa takwimu za kupunguzwa kwa wingi uliokuwa chini ya Ofisi ya Takwimu za Kazi ulisitishwa mwaka 2013 bajeti ilipokatwa. Matokeo yake ni kwamba anayetaka kulinganisha viwanda vya karatasi vya North Carolina, kampuni za kompyuta za California na machinjio ya Nebraska hana budi kuzipitia tovuti moja baada ya nyingine.

Pamoja na hayo, orodha hizo hufundisha. Mwaka 2023 zilikutanisha biashara ambazo kwa kawaida hazitajwi katika sentensi moja: Alphabet (kampuni mama ya Google) na Microsoft zilizokuwa zinapunguza maelfu ya watu wa ofisini, kiwanda cha karatasi cha Pactiv Evergreen mjini Canton, North Carolina, kilichodumu kwa zaidi ya karne moja na kufungwa na watu wapatao 1,100, na hiyo Yellow aliyoitaja Dereva. Mwaka 2024 kampuni ya nyama ya Tyson ilifunga kiwanda cha nguruwe mjini Perry, Iowa, chenye watu karibu 1,300 katika mji wa watu wapatao 8,000. Novemba 2025 ikatangaza kufunga machinjio ya ng'ombe ya Lexington, Nebraska, yenye watu wapatao 3,200, katika mji wa watu kama 11,000. Mhandisi aliyeachishwa katika jiji kubwa anaweza kubaki katika nyumba ile ile akabadilisha kampuni. Mkata nyama wa Lexington hana kampuni ya pili ya kuvuka barabara aiendee, na nyumba aliyokopea fedha inashuka thamani siku ile ile anapopoteza mshahara. Sheria inawapa wote wawili siku 60 zile zile, na hilo naliona kuwa udhaifu mkubwa kuliko hata ile milango mitatu.

Lakini wingi wa wanaoachishwa hawamo katika orodha hizo kabisa. Kila mwezi wa kawaida zaidi ya watu milioni moja na nusu huachishwa au hufukuzwa kazi nchini, wengi wao katika biashara ndogo au katika mafungu yasiyofikia 50. Ndugu yetu asishangae asipokiona kiwanda chake huko. Ila jina hilo kukosekana kuna faida kwake: ni ushahidi wa wazi kwamba notisi haikutolewa kwa jimbo, na wakili atauhitaji. Ahifadhi nakala ya orodha ya Machi na Aprili kama ilivyo leo.

---

Bi Mkubwa wa Trenton amejibu:

Naongeza mawili ya haraka. La kwanza, omba mafao ya kukosa kazi wiki hii hii, katika jimbo ulilofanyia kazi, usisubiri kesi wala malipo mengine. Majimbo mengi hulipa hadi wiki 26, ingawa mengine kama Florida na North Carolina yamepunguza hadi 12, na kuchelewa kuomba kwa kawaida hakufidiwi.

La pili ni bima ya afya. Kwa mwajiri mwenye watu 20 au zaidi unayo haki ya kuendelea na bima ya kazini kwa utaratibu wa COBRA, kwa kawaida hadi miezi 18, lakini utalipa gharama yote, yako na ya mwajiri, pamoja na asilimia mbili ya usimamizi. Wengi huona bei hiyo wakaiweka karatasi kando. Una siku 60 za kuichagua, na ukiichagua inarudi nyuma hadi siku bima ilipokatika, ilimradi ulipie miezi hiyo. Kwa hiyo mtu mwenye afya njema anaweza kusubiri akiangalia bima za soko la serikali, ambako nako kupoteza kazi kunafungua dirisha la siku 60. Anayeugua kisukari au mwenye mke mjamzito asicheze na kusubiri huko.

---

Zamu ya Usiku amejibu:

Nawashukuru wote. Mafao nimeshaomba, na barua pepe ya kuomba muda nimeituma nikitaja umri wangu. Baadhi yetu tumepata miadi na wakili Indianapolis. Swali langu la mwisho: wenzetu 30 wa Machi wengi walikwisha kutia saini na kupokea wiki mbili. Je, tuwaite katika miadi hiyo au wameshajitoa?

---

Mwakilishi Mstaafu amejibu:

Waiteni. Hata kama saini zao zitasimama na wasipate fidia, wao bado ni watu 30 walioachishwa ndani ya siku 90, na bila wao ninyi ni 28 tu. Wenye miaka 40 na zaidi katika kundi hilo waje na karatasi walizotia saini, kwa sababu kama nao walipewa siku saba, wakili atataka kuziona. Na muulizeni wakili mapema kuhusu muda wa mwisho wa kufungua dai: sheria ya WARN haikuutaja, kwa hiyo mahakama huazima ule wa sheria za jimbo, na unatofautiana mahali na mahali.